Mikimbio Minne ya Ochieng'

Mercy, wewe uliyekalia kiti changu cha mwandishi wa alama kibandani, uliniomba niandike kidogo kuhusu kazi ile kabla sijaisahau. Kusahau si tatizo langu. Kuna mambo ningefurahi kuyasahau.

Waliponiaga mwezi uliopita walinipa saa ya ukutani na keki iliyochorwa gongo la kriketi. Aliyechora hajawahi kuona gongo. Lilifanana na mwiko wa ugali. Mwenyekiti akasema sijawahi kukosa mechi bila ruhusa, na kwamba katika miaka yangu yote daftari langu halikuwahi kupingwa. Watu wakapiga makofi, nami nikakata keki. Alisema kweli. Halikuwahi kupingwa. Lakini kutopingwa si sawa na kuwa sahihi, na nyinyi mnaoanza kazi hii mjue tofauti hiyo mapema kuliko nilivyoijua mimi.

Niliingia klabuni kama mpishi wa chai. Nilikuwa nimetoka Siaya si muda mrefu, naishi mtaa wa Kianda, na kriketi sikuijua kabisa. Niliona tu wanaume wamevaa nyeupe wakisimama kwenye nyasi kutwa nzima, wakingoja chai yangu. Mwandishi wa alama alikuwa Mzee Kanti, Mhindi mwembamba aliyekuwa karani wa duka la vitambaa siku za kazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Jumamosi moja nilimpelekea kikombe, chai ikamwagika karibu na daftari, akanitazama vidole.

"Wewe unajua kuandika nambari ndogo?"

"Najua."

"Keti."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi. Siku ya kwanza niliandika nukta tupu. Mpira usiozaa mkimbio unaandikiwa nukta, na siku hiyo wapigaji walikuwa waoga. Jioni Mzee Kanti akalitazama daftari akasema nukta zangu zimenona kama nzi. Jumamosi iliyofuata nilizikondesha.

Kwa yule asiyejua mchezo wenyewe, si mgumu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia hadi upande wa pili. Akifika salama ni mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi kwenye kamba ya mpaka, anapewa minne bila kutoa jasho. Sisi kibandani tunaandika kila mpira, na mwisho wa msimu tunawapanga wapigaji wote wa ligi, mwenye mikimbio mingi juu kabisa. Orodha hiyo watu huisubiri kama matokeo ya mtihani.

Lakini kuna jambo moja la pembeni ambalo hadithi yangu yote inalitegemea. Mpira ukigusa mguu wa mpigaji, usiguse gongo, kisha ukaenda zake, mikimbio ile ni ya timu. Kwa jina la mpigaji haiingii hata mmoja. Refa akitaka kusema hivyo huinua goti na kuligusa kwa mkono. Sisi tunainua mkono kumjibu kwamba tumeona.

Vifaa vyetu vilikuwa penseli tatu, nyeusi, nyekundu na buluu, na kisu cha kuchongea. Kifutio hakikuwepo. Nililetewa kimoja na shemeji yangu, Mzee Kanti akakitupa nje ya dirisha bila kugeuka. Ubao wa alama ulikuwa na nambari za mabati ambazo tulizitundika kwa misumari. Sita zote mbili zilipotea, na tisa ilibaki moja, tukawa tunaipindua. Timu ikikaribia tisini na sita tulikuwa tunaomba Mungu wairuke nambari hiyo.

Fundisho lake kubwa lilikuwa hili: "Macho kwa refa. Mpira unadanganya. Refa anatia sahihi." Nililishika kama amri ya kanisani. Alinifundisha pia kwamba ukiwa na shaka unateremka wakati wa mapumziko unauliza, na yeye mwenyewe alikuwa akiteremka, na mkono wake unatetemeka, mbele ya watu wote, bila haya. Hilo nililisikia lakini sikulishika sawasawa. Alifariki mwaka mmoja kabla ya Ochieng' kuja.

Ochieng' alikuwa fundi wa mabomba. Tulikaa ploti moja pale Kianda, milango mitatu kati yetu, na mfereji mmoja wa maji. Tangi la klabu lilipopasuka, mimi ndiye niliyesema namjua fundi. Akaja na mfuko wake wa spana, akalitengeneza tangi kabla ya saa sita, kisha akasimama pembeni anawatazama wachezaji wakifanya mazoezi. Alikuwa amecheza kidogo alipokuwa sekondari. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na tangu amalize shule hakuwa ameshika gongo.

"Naweza jaribu moja?" akamwuliza nahodha.

Nahodha alimpa gongo kwa kucheka. Mpira wa tatu ulipita juu ya banda la chai na kuvunja taa ya gari la mweka hazina. Wiki mbili baadaye Ochieng' alikuwa kikosini, amevaa viatu vya kuazima vilivyomzidi saizi moja, na soksi mbili kila mguu.

Sijawahi kuona mtu anayepiga mpira kwa subira kama ile. Wengine hupiga kwa hasira. Yeye alikuwa anautazama mpira kama bomba linalovuja: kwanza anatafuta tatizo liko wapi, halafu ndiyo anaweka mkono. Msimu wa pili jina lake lilipanda kwenye orodha wiki baada ya wiki. Na msimu huo haukuwa kama mingine. Ligi ilikuwa imetangaza kwamba atakayemaliza juu ya orodha atapelekwa ng'ambo kucheza mwaka mzima katika klabu inayolipa wachezaji wake. Kucheza tu, hiyo ndiyo ingekuwa kazi yake.

Pale kwenye ploti kila mtu alijua. Ochieng' alifuatilia pasipoti akaipata. Mke wake, Lilian, alimnunulia koti zito la mtumba pale soko la Toi kwa sababu walisikia huko kuna baridi. Alilianika kwenye kamba ya nguo, na kila aliyepita aliligusa.

"Mama Fred," Ochieng' aliniambia asubuhi moja mferejini, "wewe ndiye unaandika. Nimefika wapi?"

"Soma ubaoni kama wengine."

Alicheka. Lakini sikuwa natania. Wiki chache kabla, mjumbe mmoja wa kamati alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mikono mfukoni.

"Huyu Ochieng' ni mtu wako, sivyo? Mnakaa ploti moja?"

"Ndiyo."

"Basi hizi nambari zako tutaziangalia vizuri." Akacheka, akanipiga begani, akaenda zake kula sambusa.

Nadhani hata hakukumbuka alichosema. Mimi nilikibeba hadi nyumbani, nikalala nacho, nikaamka nacho. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika kazi ile, nimetoka jikoni, na watu wengine bado walikuwa wananiita mama wa chai. Kitu nilichokuwa nacho ni jina langu kwenye daftari. Niliapa kwamba hakuna mtu atakayesema nimempendelea jirani. Tangu siku hiyo, kila Ochieng' alipopiga, nilikuwa mkali kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote, nikidhani huo ndio uadilifu.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili ya Agosti, baridi, na umande bado kwenye nyasi. Aliyekuwa juu ya orodha alikuwa kijana wa klabu nyingine, mchezaji mzuri na mtu wa heshima, ambaye alikuwa amemaliza mechi zake zote. Ochieng' alihitaji mikimbio hamsini na tisa kumpita.

Kila timu huleta mwandishi wake, na wawili hao hukaa pamoja ili madaftari yalingane. Wa timu ile nyingine alikuwa Mzee Njoroge wa Riruta, mtu wa ploti na ng'ombe wawili, aliyeanza kuandika alama kwa sababu daktari alimkataza kusimama. Refa upande wetu alikuwa Mutiso. Nilimwona asubuhi akishuka kwenye gari, akishika mlango, goti lake la kushoto limefungwa bandeji.

Ochieng' alikuwa amefika arobaini na kitu hivi mpira ule ulipokuja. Ulikuwa wa kasi, ukielekea miguuni. Akageuza mikono kidogo tu, mpira ukampita mlinda vijiti, yule anayesimama nyuma ya mpigaji, ukakimbia hadi kwenye kamba. Mutiso akapunga mkono: minne. Kisha akainama, akalikunja goti kidogo, akalishika.

Nikainua mkono kujibu. Nikaandika minne ya mguu.

"Hiyo ilikuwa ya gongo," Njoroge akasema. "Nimesikia mlio."

"Refa amegusa goti."

"Mama Fred, Mutiso goti linamuuma tangu asubuhi. Amelishika tu. Hajaashiria kitu."

"Mimi naandika ninachoona."

Alinigeukia. Nakumbuka alikuwa na biskuti mkononi. "Huyu ni mchezaji wako. Mimi wa upande wa pili ndiye nakwambia mpe, na wewe unamnyima?"

"Andika mguu, Mzee. Tafadhali."

Akaguna, akaandika. Jumla ya timu ilikuwa ile ile, mshindi angekuwa yule yule, kwa hiyo yeye hakuwa na sababu ya kugombana na mwanamke mwenye shingo ngumu.

Sasa nisikilizeni hapa. Dakika kumi baadaye yalikuwa mapumziko ya chai. Nilishuka. Mutiso alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya banda, suruali imekunjwa, barafu imefungwa kwenye kitambaa juu ya goti. Nilisimama mbele yake na kikombe changu.

"Goti vipi, Refa?"

"Linaniua, mama. Kila nikisimama muda mrefu lazima nilishike."

Aliniambia kwa mdomo wake. Nilikuwa karibu naye hata naweza kuona barafu ikidondoka kwenye kiatu. Neno lilikuwa kwenye ulimi: ile minne, ilikuwa ya mguu au ulilishika tu? Lakini yule mjumbe wa kamati alikuwa meza ya pili, anakula, ananitazama au hanitazami, sijui. Nikaona nitaonekana mama wa Kianda amekuja kumwombea jirani yake mikimbio. Nikasema, "Pole sana," nikapanda kibandani.

Ochieng' alitolewa baada ya chai. Alipiga mpira juu, ukadakwa. Alipokuwa akitoka uwanjani alisimama akausoma ubao. Mikimbio yake: hamsini na sita. Alisimama pale muda mrefu kuliko kawaida, gongo kwapani, mpaka mpigaji aliyefuata akampita. Kisha akavua kofia akaingia ndani. Mutiso alitia sahihi jioni bila kusoma. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwendeshea gari.

Ongezeni minne juu ya hamsini na sita mwone wenyewe.

Yule kijana mwingine alisafiri mwezi wa kumi. Koti la Ochieng' lilikaa kwenye kamba siku kadhaa zaidi, halafu sikuliona tena. Alirudi kwenye mabomba siku ya Jumatatu kama kawaida. Msimu uliofuata alicheza mechi nne, akasema kazi imekuwa nyingi upande wa Kambi Muru, akaacha. Hakuna aliyemfuata kumsihi. Mimi nilisema nitamwambia kesho yake, na kesho yake tena.

Kabla ya yeye kuacha, mwezi wa kwanza, Mutiso alikuja klabuni kwa mkongojo baada ya kupasuliwa goti. Tulikuwa wawili tu kwenye veranda, anapekua madaftari ya msimu uliopita kupitisha wakati. Akafika kwenye ukurasa ule, akakunja uso.

"Hii minne ya mguu imetoka wapi? Siku ile sikuashiria mguu hata mara moja."

"Uligusa goti."

"Mama, niligusa goti mechi nzima!" Alicheka, kisha akaniona usoni akaacha kucheka. "Ilibadilisha kitu?"

Nikasema hapana.

Sijui kwa nini nilisema hapana. Ndiyo, najua. Nilikuwa nimeshaiandikia ligi barua ya kukiri kichwani kabla hajamaliza sentensi, na nikaona mwisho wake pia: kamati imekaa, jina langu limesomwa, kijana wa watu ameitwa kutoka ng'ambo kwa kosa lisilo lake. Barua yenyewe niliiandika wiki hiyo. Niliiweka kwenye droo ya kabati la kibandani na kujiambia naingoja ligi iketi. Ligi iliketi mara nyingi. Sababu yangu ya kumhurumia yule kijana ilikuwa sababu nzuri, ndiyo maana ilidumu. Sababu mbaya ningeitupa mapema.

Baadaye nilihamia Kawangware, kwenye nyumba ya Wanjiru, mwenye ploti aliyezaliwa pale pale na ambaye hupenda wapangaji wasiopika omena, dagaa wa kwetu. Niliendelea na kazi. Nikawa mwandishi mkuu, nikafundisha wengi wenu. Mlisema mimi ni mkali. Kila mpira wenye shaka niliwatuma mteremke mkaulize, hata mvua ikinyesha, na mlinung'unika nikiwasikia. Sikuwaambia kwa nini.

Mwaka huu, nilipokuwa nasafisha kabati kuwakabidhi, niliitoa barua ile. Nikaiandika upya, nikaipeleka mwenyewe kwa katibu wa ligi. Ni kijana, hata hakuwa ameanza kunyoa ndevu mambo hayo yakitokea. Akampigia Mutiso simu, Mutiso akathibitisha. Katibu akafungua kompyuta, akabofya mara tatu, akanitolea karatasi. Orodha ya wapigaji ya msimu ule, jina la kwanza: Ochieng'. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchonga penseli.

"Kuna mtu analalamika?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi iko sawa."

Nilikwenda Kianda Jumamosi iliyopita. Nilimkuta nyuma ya shule moja karibu na mtaa wa Olympic, amepiga magoti kwenye mtaro, anaunganisha bomba, wanawake wamepanga mitungi wakingoja. Nywele zake zina mvi upande mmoja. Alinitambua upesi.

"Mama Fred! Umepotea sana. Fred yuko aje?"

"Yuko Kisumu, ameoa." Sikutaka kuingia kwenye salamu kwa sababu najijua, ningezitumia kujificha. Nikamwambia hapo hapo nimesimama. Mpira ule. Goti la Mutiso. Mzee Njoroge. Chai. Droo. Nilimwambia yote, wanawake wale wakisikia. Kisha nikampa karatasi.

Alijifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Akaisoma taratibu, kidole kikishuka kwenye majina, kikapanda tena hadi juu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Si mimi ndiye nilikuwa na gongo mkononi? Mpira ukigonga gongo unausikia hapa." Akagusa kiwiko. "Nilisoma ubao, nikaona imepungua minne. Nikajua ni wewe."

"Na mbona hukusema, Ochieng'?"

"Ningesema nini? Ningekuja kibandani mbele ya watu wale, mimi na wewe wa ploti moja? Ungefukuzwa kazi." Alikunja karatasi mara mbili. "Lilian alitaka kuja kwako jioni ile ile. Nikamkataza. Nikamwambia, Mama Fred ni mtu wa haki, amekosea tu, akigundua atakuja mwenyewe. Tulingoja."

"Mpaka lini?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kutoa jibu lililo sahihi.

"Mpaka ulipohama. Siku ile nilikubebea kitanda hadi kwenye mkokoteni, unakumbuka? Nikasema sasa atasema. Ukaniambia asante, ukanipa sufuria moja hukuwa unaihitaji."

Nilikumbuka.

"Sikukasirikia mikimbio," akasema. "Mtu anaweza kukosea mpira. Lakini kila asubuhi ulikuwa unanisalimia pale mferejini."

Mwanamke mmoja akauliza kama maji yanakuja au hayaji. Ochieng' akatia karatasi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akarudi mtaroni. Akaniambia nisogee kidogo, bomba likifunguliwa huruka. Nikasogea. Akafungua, likakohoa, likatema tope, halafu maji yakaja meupe na mitungi ikaanza kusukumana. Nilibaki nimesimama pale nikitumaini atainua kichwa. Alikuwa akikaza spana, akimwelekeza mwanamke wa kwanza aweke mtungi wapi, na baada ya muda nikaona niko njiani mwa watu.